Mlezi naye alale: mwongozo kamili wa kuboresha maisha ya kazi ya walezi kwenye makao ya watoto, Moshi na Arusha

Saa tisa za usiku niliitwa chumba cha watoto wadogo. Makao yetu yalikuwa upande wa Pasua, Moshi, na kulikuwa na mtoto analia hanyamazi. Nikamkuta mlezi ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, mtoto mwingine kifuani, chupa ya maziwa imemponyoka na maziwa yanachuruzika kwenye kanga yake hadi sakafuni. Amesinzia, macho nusu wazi. Nilipomgusa bega alishtuka: "Nisamehe, matroni. Sikulala, nisamehe." Alikuwa ameingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ilikuwa saa yake ya 21, na ratiba iliyomweka pale niliichora mimi mwenyewe kwa rula.

Nilimpokea mtoto, nikamwambia akalale, nikakaa kwenye kile kigoda mpaka kukapambazuka. Haya ninayoandika yalianzia usiku ule. Ninamwandikia msimamizi, matroni, mkurugenzi au mjumbe wa bodi ya makao ya watoto, awe Moshi mjini, Usa River au Ngaramtoni.

Mwaka 1973 Mmarekani Richard Walton alitaja mambo manane yanayofanya maisha ya kazi yawe bora: malipo ya haki, usalama na afya, nafasi ya kutumia uwezo wako, kukua na kuwa na uhakika wa kesho, kuelewana na wenzako, kuheshimiwa haki zako, muda wa maisha nje ya kazi, na kazi yenyewe kuwa na maana kwa jamii. Hilo la nane walezi wetu wanalo tele. Hakuna anayeogesha watoto kumi wasio wake kila jioni asijue kazi yake ina maana. Kinachoniumiza ni kwamba sisi wasimamizi tunalitumia hilo la nane kuwanyima yale saba. "Hii kazi ni wito," tunasema, na mazungumzo ya mshahara yanaishia hapo.

Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto, unataka mazingira ya kazi ya mlezi, mshahara ukiwemo, yawe ya kumtia moyo, kumridhisha na kumfanya adumu. Shika hilo neno la mwisho. Mtoto aliyekwisha kupoteza mama, kisha akampoteza bibi, hahitaji mlezi mpya kila baada ya miezi minne.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu. Kwanza usingizi, kisha kipato, kisha moyo. Wengi tunaanza kinyume: semina ya siku mbili, fulana yenye nembo, soda na keki siku ya Mei Mosi, na jioni mlezi anarudi kwenye zamu ya saa 24.

HATUA YA 1: Hesabu saa na mzigo kwa wiki mbili

Nunua daftari la kaunta. Kila mlezi aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka, na mara ngapi aliamshwa usiku. Waambie wazi kwamba daftari hili halitafuti wachelewaji, na usilitumie hivyo hata siku moja, maana ukishalitumia hivyo mara ya kwanza kila kitakachoandikwa baadaye kitakuwa cha kukufurahisha.

Sambamba na hilo andika mzigo wenyewe. Idadi ya watoto peke yake haisemi mengi. Andika wangapi wana umri chini ya miaka mitatu, wangapi wanakojoa kitandani, wangapi wako kwenye dawa za kila siku, wangapi wana ulemavu unaohitaji kubebwa na kulishwa, wangapi wameingia ndani ya miezi mitatu iliyopita na bado wanaamka wakipiga kelele. Chumba cha watoto wanane wa darasa la tano ni chepesi kuliko chumba cha watatu wanaotambaa.

Kisha uliza maswali matatu. Nini kinakuchosha kuliko vyote? Kipi kikiondoka kesho utapumua? Kipi kinakwenda vizuri na hutaki kiguswe? Usiulize kwenye kikao. Kwenye kikao watakujibu "tunamshukuru Mungu, tunaendelea vizuri," kwa sababu ni watu wenye adabu na wewe ndiye unayesaini mishahara. Tafuta mtu wa nje anayeaminika akae na mmoja mmoja chini ya mwembe, bila majina kuandikwa.

Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Kwetu, kati ya malalamiko makubwa lilikuwamo hili: bafu la wafanyakazi halikuwa na komeo. Fundi alilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

HATUA YA 2: Panga zamu upya

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo kaa na kalamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kwa makubaliano ya maandishi mnaweza kufanya zamu za hadi saa 12, mapumziko ya chakula yakiwa ndani yake, ilimradi siku zisizidi tano kwa wiki na saa za kawaida zisizidi 45. Kati ya zamu na zamu mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki saa 24 kamili. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima.

Sasa hesabu. Zamu ya saa 12 ukitoa saa moja ya mapumziko inabaki na saa 11 za kazi. Zamu nne kwa wiki ni saa 44, yaani mtu mmoja ni zamu nne. Katika wiki 52 za mwaka, toa nne za likizo na mbili za kuugua, misiba na mafunzo. Zinabaki wiki 46, ambazo ni zamu 184 kwa mwaka. Nafasi moja inayolindwa usiku na mchana inakula zamu 14 kwa wiki, yaani 728 kwa mwaka. Gawa kwa 184: unapata watu wanne kasoro kidogo.

Kwa maneno mengine, popote unapotaka pawepo mlezi mmoja muda wote, ajiri wanne. Ukitaka watatu mchana na wawili usiku, unahitaji watu kumi. Nilipoionyesha bodi yetu hesabu hii, mjumbe mmoja aliuliza kama nimekosea, kwa sababu tulikuwa na sita. Sikuwa nimekosea. Zile zamu zilizopungua zilikuwa zikifanywa na walewale sita, wakiibiwa usingizi wao.

Najua fedha hazitoshi. Kuna njia za kupunguza pengo bila kumkamua mlezi.

Mtoe mlezi kwenye ufuaji na jikoni. Dobi wa nusu siku anayekaa jirani analipwa chini ya mlezi mpya, na anarudisha saa nyingi kwa watoto kuliko unavyodhani. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wingu linapokaa juu ya Moshi na Arusha siku nzima na mashuka hayakauki, dobi peke yake hatoshi: weka kila kitanda cha mtoto anayekojoa mashuka seti tatu na kava ya plastiki ya godoro, na uezeke bati juu ya kamba moja ya kuanikia. Mlezi anayeamka usiku kubadilisha kitanda akakuta kabati halina shuka kavu ataishia kumfokea mtoto asiye na kosa.

Ajiri wa muda kwa saa za msukosuko. Siku ya makao ina vilele viwili: alfajiri kabla ya shule, na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, pale kuoga, kula, kazi za shule na kulia vinapokutana. Mama wa jirani anayekuja kwa saa hizo tatu ana thamani kubwa mno.

Punguza kupokea. Afisa ustawi wa jamii akikuletea mtoto wa 31 na una walezi wa watoto 20, mweleze kwa maandishi. Ni vigumu, nimewahi kusimama getini na mtoto akiwa ameshafika. Lakini kila anayeingia bila mlezi anagawana mikono ileile na waliotangulia.

Na usihesabu kama wafanyakazi watu wasio wafanyakazi. Binti wa kidato cha pili anayembeba mtoto mchanga mgongoni huku daftari lake la hesabu limefungwa ni mtoto unayemlea, hayumo kwenye ratiba.

Kwa walezi wanaolala hukohuko makaoni kuna mtego wake. Sheria inaruhusu mapumziko ya kila siku yashuke hadi saa 8 kwa mtu anayeishi eneo la kazi, kwa makubaliano ya maandishi. Tatizo ni kwamba hata hizo nane hapati, kwa kuwa kila mtu anajua chumba chake kilipo. Mpe mlango wenye funguo. Watoto wafundishwe kwamba mama fulani yuko mapumzikoni na aliye zamu ni fulani. Wewe mwenyewe usimgongee kumuuliza funguo ya stoo.

HATUA YA 3: Mkataba na mshahara

Kila mlezi awe na maandishi yanayosema kazi yake ni ipi, inaanza lini, saa ngapi, na analipwa kiasi gani. "Miezi mitatu ya majaribio" iliyofika mwaka wa pili ni jambo nimelikuta mahali zaidi ya pamoja, na mtu anayeishi hivyo hawezi kumwahidi mtoto kwamba kesho atakuwepo.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri peke yake, usimkate mlezi hata senti. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, sikukuu mara mbili. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 240,000 kwa mwezi: nyongeza ya usiku mzima inafika kama shilingi 600 na kidogo. Hakuna makao yaliyofungwa kwa sababu ya shilingi 600. Ila mlezi akijua kwamba sheria ilimpa na wewe ukamnyima, hasahau.

Tarehe ina uzito kama kiasi. Walezi wengi wana watoto wao Rombo, Mwika au Karatu, wanalelewa na bibi, na ada zao zina tarehe. Mfadhili akichelewesha, waambie kabla ya tarehe ya mshahara, uso kwa uso, uwaeleze unatarajia lini. Ukijificha ofisini siku mbili utakuwa umepoteza kitu ambacho fedha zikija hazitakirudisha.

Anzisha kisanduku cha advansi. Si lazima kiwe kikubwa. Mlezi ambaye mwanawe amelazwa asiende kukopa mtaani kwa riba ya kumfilisi.

Na acha kukata mshahara kwa sababu ya bakuli lililovunjika au blanketi lililopotea. Sheria inataka umweleze kosa lake kwa maandishi na umpe nafasi ya kujibu, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Kwenye nyumba yenye watoto 25 vitu vitavunjika. Weka fungu la vitu kuvunjika kwenye bajeti.

HATUA YA 4: Utengeneze usiku

Usiku una mahitaji yake. Wawe watu wazima wawili, ili mmoja akimkimbiza mtoto hospitali mwingine abaki. Wapangiane kulala kwa zamu, kwenye kitanda halisi chenye blanketi. Kuwe na chai kwenye chupa, tochi iliyochajiwa na simu yenye vocha.

Weka bahasha ya usiku. Ndani yake shilingi 30,000 taslimu, namba ya dereva wa bajaji mliyekubaliana naye mapema, namba yako, na karatasi ya kila mtoto yenye mzio na dawa zake. Mtoto anapopata degedege saa nane, mlezi hapaswi kuanza kukuomba ruhusa ya nauli. Anachukua bahasha, anapanda bajaji kwenda Mawenzi au KCMC, na kwa Arusha Mount Meru. Asubuhi ndipo mnaandika risiti.

Anayetoka zamu ya usiku asiitwe kwenye kikao cha saa tatu asubuhi. Na mlezi mjamzito, miezi miwili kabla ya kujifungua, hapangiwi usiku. Hilo liko kwenye sheria.

HATUA YA 5: Kukabidhiana zamu

Dakika 15, wote wawili wamekaa, zamu mpya imefika kabla ya ile ya zamani kuondoka, na dakika hizo zinalipwa. Daftari la zamu liandikwe kwa namna ambayo anayeingia ataona mtoto. "Wote salama" haimsaidii mtu. Nakumbuka mlezi mmoja, aliyeishia darasa la saba, aliandika hivi kuhusu mvulana wa miaka minne aliyeletwa juzi yake: "Amekula nusu. Ameuliza mara mbili mama anakuja lini. Nimemwambia sijui ila mimi nipo. Amelala saa tatu ameshika kiatu chake cha kulia, msimnyang'anye." Mlezi wa zamu iliyofuata aliponyanyua lile shuka alijua afanye nini na asifanye nini. Kile kiatu kililala naye wiki tatu.

Mlezi aliyeandika vile alirudi nyumbani akiwa ameutua mzigo. Usipompa mahali pa kuutua, atapanda nao daladala.

HATUA YA 6: Sikiliza kabla mtu hajapasuka

Mtafiti wa Marekani Christina Maslach, ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi kilitoka mwaka 1981, aliuelezea uchovu huo kwa sura tatu: mtu anaishiwa nguvu, anajitenga kimoyo na wale anaowahudumia, na anaanza kuona kazi yake haizai kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza kwenye orodha yake kama jambo linalotokana na kazi, bila kuliita ugonjwa. Tofauti hiyo naithamini sana. Maana yake usimpeleke mlezi kutibiwa halafu umrudishe kwenye ratiba ileile.

Sura ya kwanza utaiona kirahisi. Ya pili inajificha kwenye lugha. Sikiliza mlezi anapoacha kutaja majina. "Yule wa kitanda cha dirishani." "Hawa wako wa juzi." Wimbo wa kuogeshea umepotea, watoto wanasuguliwa kimyakimya. Nikisikia hivyo nabadilisha zamu za mtu huyo wiki hiyohiyo, siongojei mwisho wa mwezi.

Weka nusu saa kwa kila mlezi, mara moja kila wiki mbili, iandikwe kwenye ratiba na ihesabiwe kama kazi. Bora msikilizaji asiwe bosi wake: muuguzi mstaafu wa mtaani, mtu wa ustawi kutoka nje, mama wa kanisani au msikitini anayejua kufunga mdomo. Kuna swali moja linalofungua: "Wiki hii ni mtoto gani aliyekukaa moyoni?" Watalia. Waache walie.

Halafu kuna neno "nipokee." Hili ndilo ningeliweka hata kwenye makao yasiyo na senti. Mlezi akihisi mkono umeanza kupata moto, sauti imepanda, anamwambia mwenzake "nipokee," na mwenzake anamchukua mtoto palepale, haulizi kitu. Anayetamka neno hilo anatoka nje dakika kumi, ananawa uso. Haandikwi popote, hasemwi. Wiki za kwanza hakuna aliyelitumia kwetu. Nililianzisha mimi mwenyewe, mbele yao, siku ambayo kweli nilikuwa nimefika ukingoni na mtoto aliyenitemea uji. Baada ya hapo lilizoeleka.

Neno hilo halichukui nafasi ya ulinzi wa mtoto. Mtoto akipigwa au kudhuriwa, mlezi anatolewa kwenye zamu siku hiyohiyo huku mshahara wake ukiendelea, afisa ustawi wa jamii anajulishwa, na ikibidi dawati la jinsia na watoto polisi. Watoto wenyewe waijue namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Mlezi naye asikilizwe kwa haki, kwa maandishi, akiwa na mtu wa kukaa naye.

HATUA YA 7: Mtoto anapoondoka

Kazi yetu njema kuliko zote ni mtoto kurudi kwa ndugu zake. Ila kwa mlezi siku hiyo ni kama msiba ambao haruhusiwi kuuweka. Niliwahi kuona, mahali ambapo sipataji, mlezi aliyemlea mtoto tangu miezi mitatu hadi miaka minne akipata habari saa nne asubuhi, gari likiwa limeshawashwa. Alikuwa ametoka sokoni Mbuyuni na kapu la mchicha. Alisimama nalo mkononi, gari likaondoka. Wiki ya tatu aliacha kazi.

Mwambie mapema, siku ileile wewe unapoambiwa. Awepo kwenye maandalizi, maana ndiye anayejua mtoto analala upande gani. Afungashe begi yeye. Amwandikie shangazi au bibi karatasi ya mazoea ya mtoto. Baada ya miezi miwili apige simu au afuatane na afisa ustawi kwenda kumwona, nauli itoke ofisini. Na mpe siku ya mapumziko baada ya kuagana. Mtoto akifariki, mpe zaidi ya hapo, na msindikizeni kaburini wote mnaoweza.

HATUA YA 8: Wageni wa kujitolea

Moshi na Arusha tunapokea wageni wengi wa kujitolea, na wengi wana nia njema. Lakini angalia kinachotokea kwa mlezi. Mgeni anakuja wiki tatu, anabeba watoto, anagawa pipi, anapigwa picha, anaondoka. Usiku wa kuondoka kwake watoto wanalia na kugoma kula, na anayewabembeleza ni mlezi ambaye kwenye picha zote hayumo.

Kwa hiyo weka masharti. Mgeni hamuogeshi mtoto wala halali chumba chake. Mgeni anamsaidia mlezi: anakunja nguo, anapaka rangi uzio, anafundisha kompyuta wakubwa. Mlezi ndiye anayemwelekeza, na mgeni atambulishwe hivyo mbele ya watoto: "Huyu amekuja kumsaidia mama." Nimeona walezi wakinyooka migongo kwa sentensi hiyo. Pipi na zawadi zikabidhiwe kwa mlezi, agawe yeye.

HATUA YA 9: Mwili

Glavu ziwepo mahali zinapofikiwa bila kuomba funguo. Damu ya mtoto ikimgusa mlezi penye jeraha, aende kituo cha afya saa hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Migongo inaharibika kwa kuinama kwenye mabeseni, kwa hiyo jenga meza ya kuogeshea yenye kimo cha kiuno. Seremala wa mtaani anaiweza kwa siku moja. Walezi wapewe chakula kamili kwenye zamu, na wakae chini kukila.

HATUA YA 10: Kukua

Mlezi wa miaka sita asilipwe na kuheshimiwa sawa na aliyeingia jana. Weka ngazi hata tatu: mlezi, mlezi mwandamizi, kiongozi wa zamu. Anayetaka kusoma mpangie zamu zinazomruhusu. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru iko hapohapo njiani kati ya Moshi na Arusha. Muulize pia afisa ustawi wa halmashauri yako kuhusu mafunzo yanayoambatana na PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Desemba 2021. Mafunzo yafanyike saa za kazi. Ukimwita mtu kwenye semina siku yake ya mapumziko umemwongezea zamu.

HATUA YA 11: Desemba

Kila anayeishi Kilimanjaro anajua kinachotokea. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi yanajaa, watu wanapanda milimani, Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, kila mtu anakwenda nyumbani. Mlezi naye ana nyumbani, ana mama mzee anayemsubiri na mtoto wake hajamwona tangu Agosti. Na ndiyo miezi shule zimefungwa, watoto wako ndani kutwa, na baadhi wanakumbuka kwamba wao hawana pa kupanda.

Anza kulipanga Septemba. Wote wakae pamoja na kalenda, wapange wenyewe: nusu Krismasi, nusu Mwaka Mpya, na mwakani wanabadilishana, imeandikwa na kubandikwa ukutani. Walezi Waislamu wengi watakubali kushika Krismasi, nawe hakikisha Idi mbili hawaguswi. Anayebaki alipwe sikukuu yake kama sheria inavyosema, nyama iwepo, na ikiwezekana watoto wake mwenyewe waje wale naye siku hiyo. Kwetu tuliruhusu hilo mwaka mmoja, tukiwa na hofu ya vurugu. Watoto wa makao walikaa kimya kwa muda wakimtazama mama yao wa zamu akimfunga mwanawe kamba za viatu. Kisha mmoja akasogea na vyake vimefunguliwa, akafungwa naye, mchezo ukaendelea.

HATUA YA 12: Pima, na ujue kuaga

Kila miezi mitatu tazama mambo machache: wangapi wameacha kazi, saa zilizozidi 45, siku za kuugua, mara ngapi likizo iliahirishwa. Rudia yale maswali matatu kupitia mtu wa nje. Peleka majibu kwenye bodi kabla ya taarifa ya fedha, wajumbe wakiwa bado wako macho.

Wengine wataondoka hata mkifanya yote, kwa sababu ya ndoa, kazi nyingine, mzazi anayeumwa. Mlipe siku ya mwisho kila anachodai, pamoja na likizo ambayo hakuichukua, na umpe cheti cha utumishi, ni haki yake. Watoto waambiwe na yeye mwenyewe, wiki moja kabla, kwamba anaondoka, anakwenda wapi, na kwamba hakuna mtoto aliyemfukuza. Siku hiyo msimpangie zamu. Aje mchana, ale nao, na yule aliyemzoea zaidi ambebee mkoba hadi getini.